Treni ya Firozpur

Bathinda, Januari. Ukungu umemeza
stesheni na mnara wa maji; hata mbwa wa jirani
amebaki sauti tu.
Gurnek amefungua kopo la hamira
akakuta kijiko, na harufu.
Duka la Chaman Lal bado limefungwa,
na mjukuu, Mehar, wa miaka saba,
amekaa juu ya kigoda, blanketi begani,
amekwisha kuahidiwa mikate ya naan.

"Nani hakutia hamira," anasema mtoto.
Kwao Nani si swali.
Nani ni bibi mzaa mama,
aliyeondoka msimu wa mvua
akaacha miwani yake juu ya friji,
na hakuna aliyethubutu kuihamisha.

"Alitia nini basi?"
"Mtindi."
"Na?"
"Kile cheupe. Kinachotekenya pua."
Gurnek anafungua makopo moja moja, ananusa,
sukari, unga wa dengu, chumvi ya mawe,
mpaka moja linampiga chafya:
magadi.

Miaka thelathini na nane alikuwa mtu wa ishara,
bendera ya kijani, bendera nyekundu, taa,
na hakuwahi kukosea reli.
Sasa maji yamezidi unga,
wala si kwa methali, ni kwa vidole,
mpaka saa yake ya mkononi imevaa koti.
Anaongeza unga. Anaongeza mtindi.
Donge linakua kama deni:
la watu wawili limekuwa la arusi.

Analifunika kwa kitambaa kibichi.
"Mpaka lini?"
Tej Kaur hakutazama saa jikoni, alisikiliza treni.
"Ya Firozpur ikipita, tunafunua."

Ya Firozpur hupita saa nne na robo.
Saa nne na robo, ukungu.
Saa tano, ukungu.
Saa sita anapiga simu stesheni,
kijana asiyemjua anamwita mzee,
anamwambia asubiri.
Neno hilo aliwagawia watu maisha yake yote
kupitia kidirisha.
Leo analitafuna.

Mtoto amelala kwenye kitanda cha kamba.

Saa saba kasorobo sakafu inaanza kuguna,
vikombe vinaguna,
miwani juu ya friji inagongagonga bati
kama mtu anayetaka kufunguliwa.
"Imepita!" Mehar ameruka, nywele upande.

Donge halikupanda. Bila hamira halina majivuno.
Limelegea tu, laini
kama ndewe ya sikio.

Wa kwanza anautandaza kwa viganja,
anautupa kwenye chuma, anakipindua juu ya gesi.
Unaanguka, unaziba moto.
"Hukupaka maji," anasema mtoto,
kwa sauti ile ile, ya yule yule.

Wa pili anaupaka maji mgongoni.
Unashika chuma kama mtoto mgongoni mwa mama.
Unatoa malengelenge.
Anakamata mpini, anaugeuza uso chini,
mkono umenyooka juu ya moto,
kushoto, kulia, polepole,
jinsi alivyopunga taa usiku
kwa kitu ambacho hakijaonekana bado
ila kinasikika.

"Babu, unamwita nani?"

Hajibu. Mkate umening'inia, haudondoki.
Mabaka meusi yanachipuka.
Siagi imeganda kwa baridi,
inabidi kuikwangua.

Ilitoka mikate kumi na tisa.
Minane wakaifunga kwenye taulo,
wakatembea kwa kufuata ukuta hadi stesheni,
wakampa yule kijana wa simu.
Akaishika kwa mikono miwili, ikamwunguza,
akakosa la kusema,
akasema tu
ya Delhi nayo imechelewa.